Wanachuo tayari wanalipa kodi, tuwafundishe kuanzia hapo

Kuna sentensi inarudiwa karibu kila semina ya kodi inayofanyika chuoni na mimi naona ndo inayoharibu somo zima kabla halijaanza. "Ninyi ni walipakodi wa kesho." Mtoa mada anaisema kwa nia njema kabisa, anataka vijana wajione wana nafasi kwenye nchi yao, lakini angalia inachofanya, inamwambia kijana wa miaka 21 kwamba hili jambo bado halimhusu, akae asikilize, apige makofi, apewe fulana, mengine tutaongea ukishapata ajira. Na kijana naye anafanya hivyo hivyo, sikio moja kwenye semina na macho kwenye simu, na hiyo simu kainunua kwa bei yenye kodi ndani, bando analochatia lina kodi ndani, na hela aliyotumiwa na mzazi jana huenda ilishakatwa mara mbili kabla haijamfikia, kwanza kwenye mshahara wa mzazi alafu kwenye gharama za kuituma.

Huyo sio wa kesho jamani. Huyo analipa sasa hivi wakati anaambiwa atalipa.

Tuangalie VAT, kodi ya ongezeko la thamani, maana hiyo ndo mwanachuo anailipa kila siku bila kuiona. Ilianzia Ufaransa mwaka 1954, aliyeisuka ni ofisa wa kodi anaitwa Maurice Lauré, na leo iko kwenye nchi zaidi ya 170. Inavyofanya kazi ni hivi, kiwanda kinamuuzia mtu wa jumla na kodi juu, wa jumla anamuuzia wa rejareja na kodi juu, lakini kila mmoja anaruhusiwa kutoa ile aliyolipa yeye wakati ananunua na anapeleka serikalini tofauti tu, kwahiyo kila mtu anausukuma mzigo kwa anayefuata mpaka unamfikia yule ambaye hana wa kumsukumia, yaani aliyenunua ili atumie. Huyo ndo mlipaji. Kiwanda na duka ni njia tu ya kupitisha. Sasa mwanachuo karibu kila hela anayoipata anaitumia, haweki akiba, hana cha kuwekeza, kwahiyo ukitoa vitu vichache ambavyo sheria za nchi nyingi zimevisamehe, yeye anaweza kuwa anatoa fungu kubwa zaidi la kipato chake kwenye VAT kuliko tajiri ambaye nusu ya mapato yake haifiki hata dukani. Hili ukimwambia mwanafunzi anashtuka, na akishashtuka hapo ndo umepata mwanafunzi.

Mpe na hesabu. Kitu kinauzwa 118 na kiwango cha VAT ni asilimia 18, kodi hapo ni ngapi? Wengi wanachukua 118 wanazidisha kwa 18 wanagawa kwa 100 wanapata 21 na ushee, wanakosea, jibu ni 18, sababu kabla ya kodi bei ilikuwa 100 na kodi ilihesabiwa kwenye hiyo 100. Ni hesabu ya dakika mbili tu ila mtu akiifanya kwa risiti yake mwenyewe aliyoitoa mfukoni hahitaji tena kuambiwa na mtu yeyote kwamba anachangia nchi. Na hapo hapo wajibu unaingia wenyewe bila mahubiri: usipodai risiti ile 18 umeshaitoa, haikurudii, inabaki mikononi mwa muuzaji ambaye alitakiwa aipeleke. Watu wanaona kudai risiti ni kuwasaidia wakusanyaji, mimi nasema ni kulinda hela uliyokwisha kulipa isiishie njiani. Taiwan walilielewa mapema sana hili, tangu mwaka 1951 risiti yao ina namba ya bahati nasibu, inachezeshwa, mnunuzi anaweza kushinda hela, kwahiyo mnunuzi mwenyewe ndo anakuwa mlinzi wa kodi. Sisemi kila nchi ifanye bahati nasibu, nasema wale walianza na mnunuzi wa kawaida kama mtu mwenye kazi ya kufanya leo.

Mimi mwenyewe nilimaliza chuo sijui haya. Mshahara wangu wa kwanza niliupigia hesabu kwa ile tarakimu ya kwenye barua ya ajira, nikaahidi watu hela kwa tarakimu hiyo, ilipoingia pungufu nikaenda kwa mhasibu nikiwa nimeumia kweli, nikidhani nimeibiwa. Akaniwekea hati ya mshahara mezani akanionyesha mistari mitatu, kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii na marejesho ya mkopo wa masomo. Vitu vitatu tofauti kabisa. Cha kwanza ni cha wote na hakirudi kwangu kwa jina langu, cha pili ni akiba yangu inayoningoja uzeeni, cha tatu ni deni nililokopa mwenyewe nikasaini. Nilikuwa na digrii na vyote vitatu niliviita "makato", na nimekuja kugundua wengi tunaviita hivyo hivyo mpaka tunastaafu. Sasa mtu ambaye hajui tofauti ya kodi na mchango wake wa pensheni atadai nini na kwa nani? Mwajiri akimkata pensheni asiipeleke kwenye mfuko atajuaje?

Na hiyo mifumo imetengenezwa usiisikie, sio bahati mbaya. Kodi ya mapato Uingereza ilianza mwaka 1799 chini ya waziri mkuu William Pitt kulipia vita dhidi ya Ufaransa, watu waliichukia, ikafutwa 1802, ikarudi 1803, ikafutwa tena 1816, ikarudi 1842 na haijaondoka mpaka leo. Kilichoifanya ikae kwenye maisha ya mfanyakazi wa kawaida ni kukatwa kwenye mshahara kabla hujaushika, na mfumo wa kukata hivyo kwa mapana ulikuja wakati wa vita kuu ya pili, Marekani 1943, Uingereza 1944, kwa sababu serikali zilihitaji hela nyingi haraka na wafanyakazi wa kawaida wasingeweza kujikusanyia kodi ya mwaka mzima wailipe kwa mkupuo. Mchumi Milton Friedman alikuwa mmoja wa walioshiriki kuuandaa akiwa kijana pale hazina ya Marekani, na uzeeni akasema anatamani wasingelazimika kuuweka. Simkubali kwa kila kitu mzee yule, ila hapo kuna jambo. Kodi isiyouma ni rahisi kuikusanya na ni rahisi pia kusahau kuiulizia. Ndo maana elimu inabidi ifanye kile ambacho mfumo haufanyi, iitoe kodi gizani iweke mezani.

Kuna jambo lingine linarukwa kwenye hizi semina, nalo ni historia. Sehemu kubwa ya Afrika mtu wa kawaida alikutana na kodi ya hela taslimu kwa mara ya kwanza kama amri ya mgeni mwenye bunduki. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba (sio pango, ni kodi unayotozwa na serikali kwa kuwa na nyumba) kwenye koloni lao la Afrika Mashariki kuanzia 1898, na lengo halikuwa mapato peke yake, walitaka watu watafute hela taslimu, na hela ilikuwa kwenye mashamba ya walowezi, kwahiyo kodi ilikuwa fimbo ya kuwapeleka watu kwenye kazi ambayo wasingeichagua. Ilikuwa moja ya manung'uniko yaliyolipuka kwenye vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka huo huo wa 1898 Sierra Leone walipigana na Waingereza kwa sababu ya kodi ya nyumba, akiwaongoza Bai Bureh, 1906 kule Natal, Afrika Kusini ya leo, yakaja maasi ya chifu Bambatha kwa sababu ya kodi ya kichwa, na 1929 wanawake wa kusini mashariki mwa Nigeria wakainuka waliposikia na wao wataanza kutozwa. Ukisimama mbele ya vijana ambao babu wa babu zao walikimbilia porini kumkwepa mtoza kodi ukawaambia kodi ni uzalendo tu basi, hujawapa sababu, umewapa kauli mbiu. Waambie ukweli wote, kwamba kodi ile ilikuwa haina sauti ndani yake, aliyelipa hakuulizwa, hakuonyeshwa, hakuweza kumwondoa aliyemtoza, alafu waambie kilichobadilika ni nini na ambacho bado hakijabadilika ni nini.

Nikiulizwa nianzie na andiko gani darasani nitachukua Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa, la Agosti 1789, ibara tatu tu zinazofuatana. Ibara ya 13 inasema mchango wa wote ni lazima ili nchi iendeshwe, na ugawanywe kwa raia kulingana na uwezo wa kila mmoja. Ya 14 inasema raia wana haki ya kujiridhisha wao wenyewe au kupitia wawakilishi wao kama huo mchango unahitajika, kuukubali kwa hiari, kufuatilia unavyotumika. Ya 15 inasema jamii ina haki ya kumtaka kila mtumishi wa umma atoe hesabu ya kazi yake. Angalia mpangilio huo. Walioandika hawakupumua kati ya wajibu na haki, wameweka lipa, kisha uliza, kisha dai hesabu, mfululizo kama sentensi moja. Semina zetu zinafundisha ibara ya 13 kwa masaa mawili, zinagawa soda, zinafunga.

Na sio kwamba watoa mada ni wabaya. Shida ni nani anaalikwa. Anayeitwa ni ofisa wa mamlaka ya mapato, na kazi yake kisheria ni kukusanya, kwahiyo mwanafunzi akisimama akauliza "hela yetu inaenda wapi" ameuliza swali sahihi kwa mtu asiye sahihi, yule ofisa hagawi bajeti, hajengi zahanati, hakagui. Anajibu kwa maneno ya jumla, barabara, shule, hospitali, ukumbi unaguna, na vijana wanatoka wakiamini wamefichwa kitu. Nani anapanga bajeti? Hazina. Nani anaipitisha? Bunge. Nani anakagua kama ilitumika ilivyopangwa? Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Hao watatu wako wapi kwenye semina? Mimi ningependa kuona mkaguzi amekaa pale mbele pembeni ya mkusanyaji, na ripoti yake ya karibuni ikiwa imechapishwa kurasa tano tano wanafunzi wanazisoma kwa vikundi. Ripoti za ukaguzi nchi nyingi ziko wazi mtandaoni, bure, na nathubutu kusema wanachuo wengi hawajawahi kufungua hata moja.

Kufuatilia hela kunaleta matokeo, hii sio nadharia. Uganda miaka ya tisini watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa inatuma kwa shule za msingi, wakaenda mpaka shuleni kuangalia imefika ngapi, wakakuta kati ya 1991 na 1995 kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu. Kumi na tatu! Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya ili mzazi na mwalimu mkuu wajue cha kudai, na kufikia 2001 zilizofika shuleni zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Kulikuwa na mageuzi mengine yaliyochangia, sitaki kutia chumvi, lakini mzazi mwenye tarakimu mkononi ni mtu mwingine kabisa na yule anayelalamika tu. Ndo raia ninayemtaka atoke chuoni.

Alafu tuongee Kenya 2024, haiwezekani kuandika makala hii bila kuigusa. Muswada wa fedha, ule unaoleta mabadiliko ya kodi za mwaka, ulikuwa na mapendekezo mengi, mojawapo VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na vijana, wengi wao wanachuo na waliomaliza juzi, wakafanya kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kukifanya, waliusoma. Waliuchambua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili wazazi waelewe, wakajua tofauti ya ushuru na kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa hela yako) ndani ya wiki mbili. Tarehe 25 Juni bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi, maandamano ya wiki zile yaliondoka na makumi ya vijana, na kesho yake rais akakataa kuusaini. Mimi naangalia yale na nafsi inagawanyika. Najivunia vijana wale walivyojifundisha. Na inaniuma kwamba walijifundisha wakiwa wamechelewa, muswada ukiwa umeshafika hatua za mwisho bungeni, wakati muswada wa fedha huwa unapita kwenye hatua ya maoni ya wananchi na hatua ile wengi wetu hatuitumii. Kama kuna sababu moja ya kuweka somo hili kwenye mtaala wa kila kozi ni hiyo, watu wajue mlango wa kuingilia kabla haujabaki ukuta wa kuruka.

Sasa kuna swali ambalo kila mwalimu wa somo hili ataulizwa na asipokuwa na jibu la kweli afunge daftari: kwa nini nilipe wakati zinaibiwa? Sio swali la utovu wa uzalendo, ni swali la mtu anayefikiri. Jibu langu ni hili. Ukikwepa, mwizi haumii, yeye anachukua mwanzoni, kinachokosa ni kile kilicho mwisho wa foleni, dawa za zahanati, mshahara wa mwalimu wa kijijini, na serikali isiyopata kodi kwa watu wake itakopa, na deni utalilipa wewe na riba. Tena VAT huwezi kuigomea hata ukitaka, imo kwenye sabuni. Kwahiyo hela unaitoa tu, kilichobaki mikononi mwako ni kuamua kama utaitoa ukiwa kimya au utaitoa ukiuliza. Na anayekwepa amejiziba mdomo mwenyewe, siku akisimama kudai hesabu ataulizwa za kwake.

Mambo mengine ya kufundisha ni ya kawaida, sitakaa nayo sana. Kijana anayefanya kazi za mtandaoni au anauza vitu kwenye simu ajue mauzo sio faida, aweke rekodi hata kwenye daftari, ajue nchi nyingi ukishasajiliwa unatakiwa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa mamlaka ya kodi, hata mwaka ambao hukupata kitu na usipopeleka faini inajikusanya kimya kimya. Ajue kukwepa kodi ni kosa la jinai ila kutumia nafuu ambayo sheria imekupa ni haki yako. Na tumalize ule uongo wa madaraja ya kodi, watu wazima wanauamini, eti ukiongezwa mshahara ukaingia daraja la juu unapata pungufu. Tuseme 1000 ya kwanza haikatwi, 1000 inayofuata inakatwa asilimia 10, zaidi ya hapo asilimia 20. Mwenye 2000 anakatwa 100 anabaki na 1900. Akipanda mpaka 2100 ile asilimia 20 inagusa 100 ya juu tu, anakatwa jumla 120, anabaki na 1980. Kapata zaidi. Kuna watu wamewahi kukataa nyongeza kwa kukosa hesabu hii.

Namna ya kufundisha? Sio kwa slaidi. Brazil mwaka 2011 mamlaka yao ya mapato ilianza kuingia makubaliano na vyuo, wanafunzi wa uhasibu wanafunguliwa dawati chuoni, wanafundishwa, alafu wananchi wa kipato kidogo na wafanyabiashara wadogo wanakuja kusaidiwa kujaza fomu bure chini ya usimamizi wa walimu, na mfumo huo ukasambaa nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Kati. Marekani nao wana mpango wa kujitolea unaofanana na huo kwa miongo kadhaa sasa, na wanafunzi wamo. Napenda mfano huu kwa sababu mwanafunzi anakaa meza moja na mama muuza mboga ambaye haelewi barua aliyoletewa, na pale anajifunza vitu viwili kwa wakati mmoja, sheria inasemaje na sheria inamfanya nini mtu. Ila nisingewaachia wahasibu peke yao. Wa uhandisi apewe mkataba wa barabara na ripoti ya ukaguzi wake aone kilomita imegharimu kiasi gani, wa uuguzi apewe bajeti ya hospitali ya wilaya atafute fungu la dawa, wa ualimu afuatilie ile ruzuku ya shule kama walivyofanya Uganda.

Na mtihani ningeweka swali moja, la nyumbani, wiki sita. Kusanya risiti zako zote za mwezi mmoja, piga hesabu umelipa kodi kiasi gani. Kisha tafuta kwenye bajeti ya serikali kitu kimoja unachokitumia kwa mkono wako, maabara, kivuko, taa ya barabarani, chochote, andika kilitengewa ngapi, kimepokea ngapi, na kama hukupata jibu andika uliuliza ofisi gani, tarehe gani, na walikujibu nini. Aliyeandika barua tatu hakujibiwa hata moja, akaambatanisha nakala za barua zake, nampa alama zote.